Mwongozo Kamili wa Kufuga Chura Tumbo-Moto Nyumbani

Vyura wa jenasi ya Bombina, ambao hapa nitawaita vyura tumbo-moto, ni wadogo kiasi kwamba mmoja anaenea katika kiganja cha mtoto, na ni warembo kiasi kwamba kila mtoto atataka kumshika. Mgongo wao una vinundu na rangi ya kijani au ya kahawia, lakini tumbo ni jekundu, la rangi ya chungwa au la manjano, lenye mabaka meusi. Rangi hiyo ni onyo, kwa sababu ngozi yao hutoa ute wenye sumu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako vyura hawa huuzwa madukani kama wanyama wa kufugwa ndani. Nimeuandika kwa kuwa maelezo mengi anayopewa mnunuzi huishia kwenye ukubwa wa tangi na idadi ya nyenje, ilhali maisha ya chura huyu huamuliwa na ubora wa maji, kiasi cha joto, kile anachokula mdudu kabla ya kuliwa, na mikono ya mwenye nyumba.

Mfahamu kwanza mnyama mwenyewe

Jenasi hii ina spishi chache tu. Ulaya kuna Bombina bombina wa nyanda za chini, mwenye tumbo jekundu au la chungwa, na Bombina variegata wa maeneo ya vilima, mwenye tumbo la manjano. Kusini mwa China yuko Bombina maxima, mkubwa kuliko wenzake. Anayefugwa zaidi majumbani ni Bombina orientalis, mwenyeji wa rasi ya Korea, kaskazini-mashariki mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi. Urefu wake ni kati ya sentimita 4 na 5, na kila ninachoeleza kuanzia hapa kinamhusu yeye.

Huyu ni chura wa maji. Huishi kwenye madimbwi, mitaro na vijito vinavyokwenda taratibu, na hupenda kuelea huku macho yakiwa juu ya maji. Tofauti na vyura wengi, hutembea na kula mchana, jambo linalomfanya apendeze kutazamwa. Akishtuliwa akiwa nchi kavu hakimbii kila mara. Huupinda mgongo hadi kichwa na makalio vikainuka, huinua viganja na nyayo ili rangi ya chini yake ionekane, kisha hutulia hivyo bila kutikisika mpaka hatari ipite. Wengine hujipindua kabisa wakalala chali. Mfugaji anayeliona tendo hilo ajue kwamba chura ana hofu kubwa, na kamwe asilichokoze ili kuwafurahisha wageni.

Sumu yenyewe ina historia inayostahili kutajwa. Mwaka 1971 watafiti wa Italia, akiwemo Vittorio Erspamer, walitangaza kwamba walikuwa wametenga kutoka kwenye ngozi ya vyura hawa wa Ulaya kemikali yenye mnyororo wa asidi amino 14, wakaiita bombesini. Baadaye ilidhihirika kwamba mwili wa binadamu nao una kemikali za jamii hiyo zinazofanya kazi katika tumbo na mishipa ya fahamu, na kwamba vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazozipokea kemikali hizo, huwa vingi katika seli za baadhi ya saratani, hasa ile ya tezi dume. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba ute wa chura huyu una kemikali zenye nguvu halisi mwilini, hata kama kiasi anachotoa hakitoshi kumdhuru vibaya mtu mwenye afya.

Hatua ya kwanza: kuamua na kununua

Kabla ya kutoa fedha, familia nzima ikubaliane kuhusu muda. Chura tumbo-moto aliyetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na wengine huvuka hapo. Mtoto wa miaka minane anayemwomba leo anaweza kuwa ameshahama nyumbani huku chura bado yu hai tangini.

Pili, tafuta chura aliyezaliwa kwa wafugaji, usichukue aliyekamatwa porini. Aliyekamatwa porini amesafirishwa mbali katika msongamano, mara nyingi ana minyoo, na anaweza kuwa amebeba maradhi nitakayoyaeleza mbele. Muulize muuzaji moja kwa moja ametoka wapi, na asipoweza kujibu nenda kwingine. Anayeishi katika Umoja wa Ulaya azingatie pia kwamba Bombina bombina na Bombina variegata wanalindwa na sheria ya makazi ya viumbe ya mwaka 1992, hivyo ni kosa kuwaokota kwenye dimbwi na kuwapeleka nyumbani, hata wakionekana wengi.

Chagua chura mwenye macho angavu, ngozi isiyo na vidonda wala utando mweupe, na mapaja yenye nyama. Omba umwone akila. Nunua watatu au wanne kwa pamoja, kwa kuwa wakiwa kundi huonyesha tabia zao bila woga, lakini usiwachanganye na spishi nyingine yoyote, iwe samaki, salamanda (mnyama mwenye mkia wa jamii moja na vyura) au chura wa mti. Katika maji machache ya tangi, ute wao unaweza kuwaua majirani.

Kwa ndugu walioko Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ushauri wangu ni kuacha kabisa wazo la kumfuga. Joto la pwani ni kubwa mno kwake, na hatari ya kuingiza maradhi katika nchi zenye vyura wake wa pekee haifai kuchezewa.

Hatua ya pili: kuandaa tangi kabla chura hajafika

Kwa vyura watatu au wanne, tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 linatosha kuanzia. Eneo la sakafu lina umuhimu kuliko kimo. Ligawe sehemu mbili zinazokaribiana, moja ya maji na nyingine ya nchi kavu, na uhakikishe kuna mteremko wa kutoka majini, kwa sababu chura aliyechoka anayekuta ukuta mtupu wa kioo anaweza kuzama. Maji yenye kina cha sentimita 8 hadi 10 yanamtosha.

Upande wa nchi kavu unaweza kuujenga kwa mawe laini yasiyo na makali, ukayafunika kwa makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuloweshwa. Makumbi hushika unyevu bila kuoza upesi na hayachubui ngozi. Epuka kokoto ndogo. Chura huyu humrukia mdudu kinywa kikiwa wazi, na jiwe linaloingia kinywani linaweza kuziba utumbo, basi kila jiwe liwe kubwa kuliko kichwa chake. Weka vipande vya gome la mti vya kujifichia, na upande mimea ya majini iliyo hai au uweke ya plastiki isiyochoma.

Kifuniko ni lazima, tena kiwe cha wavu mgumu unaofungwa. Ngozi yenye majimaji humwezesha chura kupanda kwenye pembe za kioo, na aliyetoka nje hukauka na kufa nyuma ya kabati ndani ya muda mfupi.

Hatua ya tatu: maji

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Chura hanywi kwa kinywa, bali maji humwingia kupitia ngozi, hasa ngozi ya tumbo, na kila kilichoyeyuka katika maji hayo hukutana na mwili wake moja kwa moja.

Maji ya bomba katika miji mingi ya Ulaya na Amerika yametiwa klorini au kloramini ili kuua vijidudu. Klorini huondoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye ndoo isiyofunikwa kwa saa 24. Kloramini haiondoki kwa njia hiyo. Wafugaji wengi hufuata ushauri wa zamani wa kulaza maji usiku kucha bila kujua kwamba mamlaka ya maji ya mji wao hutumia kloramini, wakabaki wakishangaa kwa nini vyura wao hawatulii majini. Uliza mamlaka ya maji ya mahali ulipo, au tumia kila mara dawa ya kuondoa klorini na kloramini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yaliyosafishwa hadi kuondolewa madini yote hayafai yakitumiwa peke yake, kwa sababu humpokonya chura chumvi za mwilini.

Tatizo la pili huanza baada ya chura kuingia. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo humchoma. Katika tangi lenye chujio kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa, lakini bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Kwa hiyo liwashe chujio mapema, na upime maji kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Chujio liwe la mkondo dhaifu, maana chura huyu hakuumbwa kwa maji yanayokwenda kasi. Badilisha theluthi ya maji kila wiki kwa maji yaliyotibiwa yenye joto sawa na la tangi. Asiyekuwa na chujio abadilishe maji yote kila baada ya siku mbili au tatu, na asidanganywe na weupe wake, kwa kuwa amonia haina rangi.

Hatua ya nne: joto na mwanga

Makosa mengi ya wafugaji wapya hutokana na kudhani kwamba kila mnyama mwenye rangi kali anatoka nchi ya joto. Bombina orientalis hutoka nchi zenye majira ya baridi na theluji. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi, na usiku likishuka kidogo hakuna neno. Likipita nyuzi 28 maisha yake yamo hatarini. Katika nyumba nyingi za Ulaya hahitaji kifaa chochote cha kupasha joto, anahitaji kipimajoto kimoja majini na kingine nchi kavu. Tangi lisiwekwe kamwe mbele ya dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu kioo hunasa joto na maji machache hupata moto haraka.

Taa iwake kwa muda wa saa 12 kwa siku. Mwanga hafifu wa urujuanimno humsaidia kutengeneza vitamini D, ingawa wengi wameishi vizuri bila taa hiyo walipopewa vitamini katika chakula. Ukiiweka, hakikisha kuna kivuli cha kutosha cha kukimbilia.

Hatua ya tano: chakula, na siri ya rangi ya tumbo

Chura tumbo-moto hali kitu kisichotikisika, isipokuwa akifundishwa. Mpe nyenje wadogo, nyungunyungu waliokatwa na, mara mojamoja tu, funza wa unga, ambao wana mafuta mengi na ganda gumu. Mdudu asizidi upana ulio kati ya macho mawili ya chura. Aliyekomaa hula mara tatu kwa wiki, wadudu wanne hadi sita kila mara. Mdogo hula kila siku.

Mtazame anapokula, kwani kuna mengi ya kujifunza hapo. Ulimi wake umeshikamana na sakafu ya kinywa na hauwezi kurushwa nje. Kwa hiyo humsogelea nyenje, husimama, huinamisha kichwa, kisha huutupa mwili mzima mbele kinywa kikiwa wazi. Miguu ya mdudu ikibaki nje ya midomo, huisukuma ndani kwa viganja. Anapomeza, macho huzama kichwani, kwa sababu macho hayo hushuka kusaidia kusukuma chakula kooni. Chura mzima hukosa shabaha mara moja moja. Anayekosa kila mara anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A au ugonjwa wa macho, na apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Sasa kuhusu rangi. Vyura wengi waliozaliwa kwenye matangi wana tumbo la manjano au la chungwa hafifu, ilhali wenzao wa porini ni wekundu wa kuwaka. Sababu ni kwamba mwili wa chura hauwezi kujitengenezea karotenoidi, yaani kemikali zinazotoa rangi hiyo. Lazima zitoke kwenye chakula. Porini hula wadudu wa aina nyingi, ambao nao wamekula majani na mwani. Nyumbani hula nyenje waliolishwa pumba. Kwa hiyo mlishe nyenje kwanza: siku nzima kabla ya kumpa chura, mwekee karoti iliyokunwa, boga, pilipili hoho nyekundu na majani ya mboga. Mara mbili kwa wiki wanyunyizie wadudu unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, na mara moja kwa wiki unga wa vitamini nyingine ulio na karotenoidi. Kipindi chenye athari kubwa zaidi ni miezi ya kwanza baada ya kiluwiluwi kugeuka chura. Aliyenyimwa wakati huo anaweza asipate wekundu kamili hata akilishwa vema ukubwani, na ndiyo maana nasisitiza kwamba mzalishaji ana wajibu mkubwa kuliko mnunuzi.

Nyenje wasioliwa waondolewe kabla ya usiku. Wakikosa chakula huuma ngozi ya chura aliyelala.

Hatua ya sita: sumu, mikono na watoto

Ute wa chura huyu hutoka kwa wingi anapobanwa au kuogopeshwa. Ukigusa jicho au kidonda, huwasha na kuchoma. Watu wengine hupiga chafya na kutokwa na kamasi kwa kuinamia tu chombo chenye vyura waliosumbuliwa. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na uchungu usipoisha muone daktari.

Kanuni ni kutomshika ila kwa lazima. Ikibidi, vaa glavu zisizo na poda zilizosuuzwa kwa maji yaliyotibiwa, au muongoze aingie kwenye kikombe cha plastiki, njia ambayo naipendelea kwa kuwa haimbani. Mikono mitupu yenye chumvi, mafuta ya kujipaka au mabaki ya sabuni humdhuru yeye pia. Baada ya kazi yoyote ndani ya tangi nawa kwa sabuni.

Kuna jambo zaidi ya sumu. Vyura, hata wanaoonekana wazima, wanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hushauri watoto wa chini ya miaka mitano wasishike vyura wala vitu vya tangini. Kwa sababu hiyohiyo, vyombo vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni. Tenga ndoo, mrija na sifongo vya kazi hiyo pekee, na sabuni isitumike ndani ya tangi. Maji ya moto na kusugua kwa nguvu vinatosha.

Hatua ya saba: karantini na maradhi

Chura mpya akae peke yake katika chombo chepesi kusafishwa, chenye karatasi nyeupe ya jikoni iliyoloweshwa, bakuli la maji na pa kujificha, kwa siku zisizopungua 30 kabla ya kuungana na wengine. Karatasi nyeupe hukuwezesha kuona kinyesi na kukipeleka kupimwa minyoo. Dalili za kuangalia ni wekundu chini ya mapaja, tumbo lililovimba, ngozi inayobanduka mfululizo, kukataa chakula na kukaa nje ya maji muda wote. Usimpe dawa za binadamu wala za samaki kwa kubahatisha.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni ule wa kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye hushambulia ngozi, huvuruga chumvi za damu na mwisho husimamisha moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia Mashariki, katika eneo lilelile la Bombina orientalis, na kwamba biashara ya vyura ni mojawapo ya njia zilizomsambaza. Chura tumbo-moto anaweza kumbeba bila kuonyesha dalili yoyote. Nduguye, Batrachochytrium salamandrivorans, ambaye ameangamiza salamanda wa moto huko Uholanzi, amepatikana Ujerumani kwenye vyura wa Bombina walioletwa kutoka Vietnam. Daktari wa mifugo anaweza kuchukua ute wa ngozi kwa pamba na kuupima, na gharama hiyo naiona ya lazima kwa yeyote mwenye zaidi ya kundi moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Chura wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi nchini Tanzania pekee, alikuwa tayari ameathiriwa na kupungua kwa maji baada ya bwawa la umeme kujengwa; mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, na kuvu huyo alikutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na akarudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012 kwa sababu tu baadhi walikuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama huko Marekani.

Hatua ya nane: kuzalisha, kwa anayetaka

Dume hujulikana kwa mikono minene na vigaga vyeusi vinavyotokea kwenye vidole msimu wa kuzaana, na kwa sauti yake nyororo ya kujirudia. Ili kuamsha msimu huo, wapunguzie joto polepole hadi nyuzi 10 au 12 kwa wiki sita hivi huku ukipunguza chakula na mwanga, kisha lirudishe polepole, ongeza maji na nyunyizia mvua ya bandia. Usiwapoze vyura wembamba, wagonjwa au wa chini ya mwaka mmoja.

Dume humkumbatia jike kiunoni, na jike hutaga mayai kwa mafungu madogo yanayoshikamana na mimea. Yahamishie kwenye chombo kingine, kwa sababu wazazi huwala viluwiluwi. Mayai huanguliwa kwa siku chache. Viluwiluwi hula mwani, majani ya mboga yaliyochemshwa na chakula laini cha samaki, na hugeuka vyura baada ya wiki sita hadi nane. Miguu ya mbele inapotokea, punguza maji na uwawekee ufuo, kwani huanza kuvuta hewa na huzama kwa urahisi. Usizalishe kabla ya kujua nani atawachukua. Jike mmoja anaweza kukuachia zaidi ya mia.

Hatua ya tisa: maji machafu, na chura usiyeweza kuendelea naye

Maji ya tangi yasimwagwe bustanini, mtaroni wala kwenye kijito. Yatie dawa ya klorini ya kufulia, yaache kwa saa kadhaa katika ndoo iliyofunikwa, ndipo uyamwage chooni. Makumbi ya zamani yafungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka za nyumbani. Chura aliyekufa naye afungwe hivyohivyo, isipokuwa daktari amemtaka kwa uchunguzi, ambapo huwekwa kwenye jokofu bila kugandishwa na kupelekwa siku hiyohiyo.

Ukihama, au watoto wakichoka naye, usimwachie porini hata kama dimbwi la jirani linaonekana kumfaa. Waandikie wafugaji wa eneo lako, chama cha wapenzi wa vyura na mijusi, au kituo cha kupokea wanyama, ukianza miezi miwili kabla ya safari kwa sababu vituo vingi huwa na orodha ya kusubiri. Mkabidhi mpokeaji tangi, chujio lenye bakteria wake hai likiwa limeloweshwa, na karatasi yenye umri wa chura, chakula alichozoea na matokeo ya vipimo vyake.